Robert Koch: Mgunduzi wa Bakteria wa Kifua Kikuu Aliyefanya Kazi Tanganyika

BABATI, Manyara – Maumivu ya mgongo ni miongoni mwa malalamiko yanayosikika kila siku katika vituo vya kutolea huduma za afya. Katika Mji wa Babati, kando ya ziwa lenye jina hilohilo, huletwa na wakulima wa mahindi na mbaazi, wafugaji wa Kibarbaig na Kiiraqw, waendesha bodaboda na akina mama wanaobeba ndoo za maji. Wengi wao hupona kwa mapumziko na dawa za kutuliza maumivu. Wachache, hata hivyo, hawaponi, kwa kuwa ndani ya pingili za uti wa mgongo wao kumeingia bakteria wanaoula mfupa taratibu.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo, daktari analazimika kujibu maswali mawili. La kwanza ni mahali ugonjwa ulipo, na la pili ni kiumbe gani anayeusababisha. Swali la kwanza hujibiwa kwa vipimo vya picha, vikiwemo vya tiba ya nyuklia. Swali la pili hujibiwa maabara, kwa njia iliyowekewa msingi na daktari wa Kijerumani, Robert Koch, aliyemtambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, na ambaye baadaye alifanya kazi Dar es Salaam, Amani, Mwanza na katika visiwa vya Ziwa Viktoria. Mafanikio yake yanafahamika duniani kote. Makosa yake, ambayo hayasimuliwi mara nyingi, yanawagusa kwa karibu wananchi wa mikoa ya wafugaji kama Manyara.

Utoto na elimu

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba, 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, kwenye milima ya Harz nchini Ujerumani, eneo la machimbo ya madini. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi mwenye watoto 13, na Robert alikuwa wa tatu kwa kuzaliwa. Inasimuliwa kwamba akiwa na umri wa miaka mitano tayari alikwisha kujifundisha kusoma kwa kutumia magazeti yaliyokuwamo nyumbani. Alipenda kukusanya mimea, wadudu na mawe, na ndoto yake ya ujana ilikuwa kusafiri katika nchi za mbali.

Mwaka 1862 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen, akasomea udaktari na kuhitimu mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, alikuwa ameandika miaka mingi kabla kwamba maradhi ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai wadogo mno. Wakati huo wazo hilo lilikuwa dhana tu isiyo na uthibitisho. Mwaka 1867 Koch alimwoa Emmy Fraatz, na wakajaliwa binti mmoja. Ndoto ya safari iliahirishwa, kwani familia ilihitaji kipato cha uhakika.

Daktari wa wilaya na maabara ya nyumbani

Baada ya kuhudumu katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa vya mwaka 1870 hadi 1871, Koch aliteuliwa mwaka 1872 kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo umo nchini Poland. Mazingira yake hayakutofautiana sana na ya mganga wa wilaya wa mahali popote. Mchana alitibu wagonjwa, alikagua afya ya jamii na kuandika taarifa. Usiku, katika sehemu ya chumba cha kuonea wagonjwa aliyoitenga kwa pazia, alikaa na hadubini.

Ugonjwa uliowasumbua wafugaji wa eneo hilo ulikuwa kimeta, ambao huua ng'ombe na kondoo na pia huambukiza binadamu. Koch alichukua damu ya wanyama waliokufa, akawaambukiza panya kwa vijiti vya mbao, kisha akawaotesha bakteria hao katika maji ya jicho la ng'ombe yaliyotunzwa kwenye joto la mwili. Aliona kwamba hali inapokuwa mbaya, bakteria hugeuka kuwa chembe ngumu zinazoweza kubaki hai udongoni kwa miaka mingi na kuamka zinapoingia katika mwili wa mnyama. Hapo ikafahamika kwa nini malisho fulani yaliua mifugo mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1876 aliyaonyesha matokeo hayo kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Breslau, na jina lake likaanza kujulikana.

Tarehe 24 Machi, 1882

Mwaka 1880 Koch alihamishiwa Berlin, katika Ofisi ya Afya ya Dola, ambako kwa mara ya kwanza alipata maabara halisi na wasaidizi. Hapo alielekeza nguvu zake kwenye kifua kikuu. Kwa hesabu alizozitaja mwenyewe, ugonjwa huo ulikuwa ukisababisha kifo kimoja kati ya kila vifo saba. Madaktari wengi waliamini kuwa ni ugonjwa wa kurithi au wa udhaifu wa mwili, na hawakuona sababu ya kutafuta kiumbe anayeambukiza.

Kazi ilikuwa ngumu, kwa kuwa bakteria wa kifua kikuu ana ganda lenye mafuta linalozuia rangi kupenya, na hukua polepole sana. Koch alitumia rangi ya bluu ya methilini pamoja na dawa ya alkali, akaiacha kwa saa 24, kisha akaongeza rangi ya kahawia. Tishu ziligeuka kahawia, na ndani yake vikaonekana vijiti vyembamba vya bluu. Aliviotesha katika ute wa damu ulioganda, akasubiri zaidi ya wiki moja hadi vidoa vidogo vilipojitokeza, kisha akawaambukiza wanyama wa maabara na kuvipata tena ndani ya miili yao. Utaratibu huo wa kumpata kiumbe ndani ya mgonjwa, kumtenga, kumwotesha, kumwambukiza mnyama na kumpata tena ndio ulioitwa baadaye kanuni za Koch.

Jioni ya tarehe 24 Machi, 1882 aliwasilisha matokeo yake mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin, akionyesha sampuli zaidi ya 200. Alipomaliza, ukumbi ulikaa kimya na hakuna aliyeuliza swali. Siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Jambo moja katika taarifa hiyo lina uzito wa pekee kwa wagonjwa wa mgongo. Koch hakuonyesha sampuli za mapafu peke yake. Alionyesha pia bakteria yuleyule katika tezi za shingo zilizovimba na katika viungo vilivyoharibika. Tangu zamani watu walifahamu kibyongo kinachowapata watoto na vijana. Mpasuaji wa Kiingereza, Percivall Pott, alikieleza kitabibu mwaka 1779, na dalili zake zimeonekana katika maiti zilizohifadhiwa za Misri ya kale. Baada ya mwaka 1882 ilidhihirika kwamba kibyongo hicho, tezi za shingo na kikohozi cha damu vinaweza kuwa ugonjwa mmoja, ulioanzia mapafuni na kusafiri kwa njia ya damu hadi kwenye mifupa.

Kipindupindu, na dawa iliyoshindwa

Mwaka 1883 Koch aliongoza msafara wa kuchunguza kipindupindu nchini Misri, kisha akaenda Kalkuta nchini India, ambako alimtambua bakteria wa ugonjwa huo na uhusiano wake na maji ya kunywa. Aliporejea Berlin mwaka 1884 alipokelewa kwa heshima kubwa.

Heshima hiyo ilizaa shinikizo. Mwaka 1890, katika mkutano mkubwa wa kimataifa wa madaktari uliofanyika Berlin, Koch alidokeza kuwa amepata dawa inayozuia kifua kikuu. Miezi michache baadaye ilitangazwa rasmi kwa jina la tuberkulini, huku namna inavyotengenezwa ikifanywa siri. Wagonjwa kutoka nchi nyingi walimiminika Berlin. Baadhi yao walipata nafuu ya muda, wengine hawakubadilika, na wengine walifariki dunia. Mapema mwaka 1891 mtaalamu mashuhuri Rudolf Virchow alieleza kuwa katika miili ya waliofariki baada ya kudungwa, ugonjwa ulionekana kusambaa. Baadaye ilifahamika kuwa dawa hiyo ilikuwa dondoo la bakteria wenyewe katika gliserini, na haikuwa tiba.

Lilikuwa pigo kubwa kwa wagonjwa na kwa jina lake. Hata hivyo, tuberkulini haikupotea. Miaka 17 baadaye madaktari wengine waligundua kuwa kiasi kidogo chake kikiwekwa kwenye ngozi huonyesha kama mtu amewahi kuambukizwa. Kipimo hicho cha ngozi kinatumika hadi sasa. Huonyesha kuwa bakteria aliwahi kuingia mwilini, lakini hakiwezi kuonyesha amejificha katika kiungo gani.

Katika ardhi ya Tanganyika

Mwaka 1891 ilifunguliwa mjini Berlin taasisi ya maradhi ya kuambukiza chini ya uongozi wa Koch. Mwaka 1893 alitengana na mke wake wa kwanza na kumwoa Hedwig Freiberg, binti aliyekuwa mdogo kwake kwa takriban miaka 30. Kuanzia hapo, ndoto yake ya ujana ya kusafiri ilitimia. Mwaka 1896 aliitwa Afrika Kusini kukabiliana na sotoka, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa bara zima na kuwaacha wafugaji wa Afrika Mashariki katika njaa kubwa. Mwaka 1897 alikwenda Bombay kuchunguza tauni, na kutoka huko akavuka bahari hadi Dar es Salaam.

Alikaa katika koloni hilo la Ujerumani hadi mwaka 1898. Katika miaka hiyo Wajerumani walikuwa wamejenga hospitali ufukweni mwa bahari, ile inayojulikana hadi leo kwa jina la Ocean Road, na historia ya hospitali hiyo humtaja Koch miongoni mwa madaktari waliofanya kazi ndani yake. Alichunguza damu za wagonjwa wa malaria, akafuatilia maradhi ya ng'ombe yanayoenezwa na kupe na mbung'o, na kuthibitisha kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu huko Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, ulikuwa tauni.

Alirejea mwaka 1905 na kuchunguza homa ya papasi katika njia za misafara ya bara. Aligundua kwamba papasi waliojificha katika sakafu za udongo za vibanda vya wasafiri ndio walioeneza ugonjwa, na kwamba vimelea hupita kutoka kwa papasi jike hadi kwenye mayai yake. Ushauri wake ulikuwa rahisi na uliweza kutekelezwa na kila msafiri: kutolala katika vibanda vya zamani vya kambi. Mwishoni mwa mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 alikuja tena, safari hii kwa ajili ya malale. Alipitia Amani katika milima ya Usambara na Mwanza, kisha akaweka kambi katika visiwa vya Sese nchini Uganda, ambako ugonjwa huo ulikuwa umefyeka vijiji vya kandokando ya ziwa. Makadirio ya waliofariki katika mwambao huo wa Uganda tangu mwaka 1900 yanazidi watu 200,000. Mamia ya wagonjwa walifika kambini kwake wakitafuta tiba. Koch aliwadunga dawa yenye arseniki iliyoitwa atoksili. Vimelea vilitoweka kwenye damu kwa muda, kisha vikarudi. Alipoongeza kipimo cha dawa, baadhi ya wagonjwa walipofuka, na upofu huo haukupona. Hawakuwa wameelezwa hatari hiyo, wala kuombwa ridhaa kwa namna ambayo sheria na maadili ya utafiti yanataka leo. Alipendekeza pia wagonjwa watengwe katika kambi maalumu, na utawala wa kikoloni ukaitekeleza njia hiyo pande zote za ziwa.

Leo nchi za Afrika Mashariki zina kamati za maadili ya utafiti, ambazo hutakiwa kuridhia kila utafiti wa afya kabla mgonjwa yeyote hajaguswa.

Kosa la maziwa

Kosa linaloigusa Manyara moja kwa moja lilitokea London mwaka 1901. Katika taarifa yake ya mwaka 1882, Koch alikuwa amekubali kuwa kifua kikuu cha ng'ombe na cha binadamu ni ugonjwa mmoja. Baada ya majaribio ya miaka ya baadaye alibadili msimamo, na katika mkutano wa kifua kikuu wa London alitangaza kuwa bakteria wa ng'ombe ni tofauti, na kwamba ni nadra sana kumdhuru binadamu. Kwa maoni yake, hapakuwa na haja ya hatua maalumu dhidi ya maziwa na nyama ya mifugo iliyoambukizwa.

Wengi waliomsikiliza, wakiwemo wataalamu wa mifugo, hawakukubaliana naye. Serikali ya Uingereza iliunda tume ya uchunguzi mwaka huohuo. Ripoti yake ya mwisho, iliyotolewa mwaka 1911, ilionyesha kuwa bakteria wa ng'ombe huambukiza binadamu, hususan watoto, kwa njia ya maziwa mabichi, na mara nyingi hushambulia tezi, tumbo na mifupa badala ya mapafu. Koch alikuwa sahihi kwamba bakteria hao ni aina mbili. Alikosea kuhusu madhara. Katika nchi zilizochelewa kuchemsha maziwa kwa kumfuata yeye, waliolipa gharama walikuwa watoto.

Robert Koch hakuiona ripoti hiyo. Alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei, 1910 huko Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi yenye jina lake mjini Berlin.

Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania karibu karne moja baadaye ulimpata bakteria wa ng'ombe katika baadhi ya wagonjwa wenye tezi za shingo, katika jamii ambazo kunywa maziwa mabichi na kuishi karibu na mifugo ni sehemu ya maisha. Maziwa mabichi hubeba pia bakteria wa brusela, anayesababisha ng'ombe na mbuzi kutupa mimba, na ambaye kwa binadamu huleta homa za kujirudia na mara nyingi hushambulia pingili za mgongo.

Pale hadubini isipofika

Mbinu ya Koch ilihitaji kitu kimoja: sampuli. Makohozi hupatikana kwa kukohoa, na tezi ya shingo huweza kudungwa sindano. Pingili ya mgongo imefunikwa na misuli nyuma, na mbele yake kuna mapafu, mishipa mikuu ya damu na matumbo. Katika uhai wake, wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha mgongo walitambuliwa pale kibyongo kilipokwisha kujitokeza.

Njia za kuutazama mwili kwa ndani zilizaliwa wakati yeye akiwa bado hai. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895, na mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kuwa urani hutoa mionzi yenyewe. Eksirei ilisaidia sana, lakini ina kikomo, kwa kuwa ni lazima mfupa upoteze takriban asilimia 30 hadi 50 ya madini yake ndipo uharibifu uonekane wazi kwenye picha. Kwa mgonjwa wa mgongo, huo ni muda mrefu wa kusubiri.

Hatua iliyofuata ilitokana na ugunduzi wa Becquerel. Mwaka 1935 mwanakemia wa Hungaria, George de Hevesy, na mwenzake Ole Chiewitz walitumia fosforasi yenye mionzi kuonyesha kuwa mifupa haikai bila kubadilika, bali hupokea na kutoa madini siku zote. Palipo na jeraha, uvimbe au maambukizi, mfupa hujijenga kwa kasi zaidi na hivyo huvuta madini mengi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Hal Anger wa Marekani alitengeneza kamera inayopokea mionzi ya gama kutoka mwilini na kuigeuza kuwa picha.

Katika kipimo cha sasa kinachoitwa skani ya mifupa, mgonjwa hudungwa kwenye mshipa kiasi kidogo cha teknishiamu iliyounganishwa na kampaundi ya fosfeti. Husubiri kwa takriban saa tatu akinywa maji ya kutosha, kisha hulala chini ya kamera ya gama. Mifupa yote, kuanzia kichwa hadi miguu, huonekana kwa mara moja, na pingili yenye tatizo hung'aa kuliko jirani zake. Nguvu ya teknishiamu hupungua kwa nusu kila baada ya saa sita, na sehemu kubwa ya dawa hiyo hutoka kwa njia ya mkojo.

Kipimo hicho kinaweza kuonyesha badiliko mapema kuliko eksirei, lakini hakimtaji mhusika. Pingili huweza kung'aa kwa sababu ya saratani, mvunjiko au kuchakaa kwa viungo. Aidha, kifua kikuu cha mgongo wakati mwingine hakionekani vyema kwa skani ya mifupa, hivyo matokeo mazuri pekee hayatoshi kumwondolea mgonjwa shaka. Ndiyo maana wataalamu huweza kuongeza galliamu, ambayo hukusanyika penye uvimbe wa maambukizi na hupigwa picha baada ya siku moja hadi tatu, au kipimo cha PET, kinachotumia sukari yenye mionzi inayovutwa na chembe zinazopambana na bakteria. Pale inapopatikana, picha ya MRI ndiyo hutangulizwa kwa maambukizi ya mgongo, kwani huonyesha pia usaha na mgandamizo wa ugwe mgongo. Vipimo vya nyuklia huwa na faida ya pekee pale MRI inaposhindikana, kwa mfano kwa mgonjwa mwenye vyuma mgongoni, au inapobidi kufahamu kama ugonjwa umefika mahali pengine mwilini.

Baada ya picha kuonyesha mahali, sindano ndefu huelekezwa kwenye pingili hiyo na kipande kidogo hupelekwa maabara. Hapo kazi hurudi kwenye mbinu ya Koch: kupaka rangi, kuotesha na kumtambua bakteria, pamoja na vipimo vya kisasa vya vinasaba vinavyotoa jibu ndani ya saa chache. Bila hatua hiyo, mgonjwa wa brusela anaweza kupewa dawa za kifua kikuu kwa miezi mingi bila nafuu, na wa kifua kikuu akapewa dawa zisizomsaidia.

Kutoka Babati hadi Ocean Road

Hospitali aliyoifanyia kazi Koch ufukweni mwa Bahari ya Hindi ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road mwaka 1996. Ndani ya taasisi hiyo hutolewa huduma za tiba ya nyuklia, ikiwemo skani ya mifupa. Usalama wa vyanzo vya mionzi nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha anapaswa kumweleza mtoa huduma kabla ya kipimo cha aina hiyo.

Kwa mkazi wa Babati, safari hiyo ni ndefu na huanza kwa rufaa. Mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya mji au hospitali ya rufaa ya mkoa, na hupelekwa mbele kulingana na uamuzi wa daktari. Si kila mwenye maumivu ya mgongo anahitaji kipimo cha nyuklia, na wengi hupata jibu katika ngazi za awali. Kinachohitajika kwanza ni kufika mapema, kwani pingili ikikwisha kuporomoka na kugandamiza ugwe mgongo, dawa huua bakteria lakini huenda zisirudishe nguvu za miguu.

Dalili zinazopaswa kumpeleka mtu hospitali bila kuchelewa ni maumivu ya mgongo yanayoendelea kwa wiki kadhaa na kuongezeka usiku au wakati wa mapumziko, homa, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito, uvimbe au kibyongo kinachoanza kujitokeza, na ganzi au udhaifu wa miguu. Mgonjwa anayeshindwa kuzuia haja ndogo au kubwa anahitaji huduma ya dharura. Ni muhimu pia kumweleza daktari kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kuugua kifua kikuu, kama familia hunywa maziwa mabichi, na kama mifugo imekuwa ikitupa mimba.

Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya huduma nchini, na matibabu ya mifupa kwa kawaida huchukua muda mrefu kuliko ya mapafu. Kuziacha kabla ya wakati huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu. Maziwa ya ng'ombe na mbuzi yanapaswa kuchemshwa kabla ya kunywewa, tahadhari ambayo Koch mwenyewe, mwaka 1901, aliona haina ulazima.